Mahari Petu ni Hapa

Ulimi hauna mfupa, wanasema wahenga. Wa Phelista Nanyama ulikuwa nao. Ulikuwa na mfupa mmoja tu, mdogo, uliokaa pale pale ambapo herufi L hutengenezwa, na miaka arobaini na sita ya kuishi duniani haikuweza kuung'oa. Lori kwake ilikuwa rori, kulala kulikuwa kurara, na kila Jumapili alimshukuru Mungu aliyemuondorea dhambi. Tusidanganyane, nusu ya Bungoma inao ugonjwa huo na hakuna aliyewahi kulazwa hospitali kwa ajili yake. Lakini Phelista alikuwa mwimbaji, na mwimbaji akikosea neno huwa amelikosea mbele ya watu.

Alifanya kazi kwenye kisiagi cha mahindi huko Matulo, akipokea madebe, akipanga foleni na kuwaita wenye unga wao uliokwisha kusagwa. Kuita watu juu ya kelele za injini ile kwa miaka kumi na tisa kulimpa sauti ya kuheshimiwa. Akiita jina lako ulisikia hata kama umekwenda zako ng'ambo ya mto kutafuta mkopo wa chumvi. Alhamisi jioni alijipangusa unga, akapanda gari hadi Kibabii, akaingia kwenye kwaya yake. Aliijua kwaya hiyo tangu akiwa bibi harusi. Ndiyo iliyomwimbia siku ya ndoa, ndiyo iliyomzika mumewe, na siku hiyo ya mazishi yeye mwenyewe alisimama kando ya kaburi akaishika sauti ya pili kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuishika. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia zaidi ya nafasi yake katika ule mstari wa mbele.

Basi mwaka 2007, nchi tano za ukanda huu zikapatana kufanya mashindano ya nyimbo Kitale, mwezi wa Agosti. Kila nchi ilete kwaya moja. Kila kwaya iimbe nyimbo mbili, mmoja wa lugha ya kwao na mmoja wa lazima, wa Kiswahili, ule ule kwa wote. Kwaya ya Kibabii ikazishinda nyingine na kuteuliwa kuwa Kenya. Kuwa Kenya si mchezo. Watu wazima, wakulima na makarani wa kaunsili, walianza kutembea kifua mbele sokoni.

Wimbo wa lazima ulianza hivi:

Mahali petu ni hapa,
milima na maziwa,
tulipolala jana
tutaamka kesho.

Ukiutazama vizuri utaona aliyeutunga hakuwafikiria watu wa Bungoma hata kidogo.

Mwalimu wa kwaya, Hesbon Wanyonyi, aliuona mtego ule siku ya kwanza. Yeye alikuwa Mbukusu kama wengine, lakini alikuwa amepona. Alisomea ualimu huko Pwani, na wiki yake ya kwanza chuoni alimwendea karani wa stoo akaomba karamu. Karani akamuuliza ni karamu ya harusi ya nani. Bweni zima lilicheka muhula mzima. Tangu siku hiyo, miaka thelathini kasoro, hapakuwa na mtu aliyemsikia Hesbon akikosea, si darasani, si nyumbani, wala siku alipong'atwa na nyuki. Aliwakalisha wanakwaya wake na kuwasomesha lala, lori, lulu, malale, kama watoto wa chekechea, na kwa miezi minne wote wakapona mmoja mmoja. Akabaki Phelista.

"Mama Wekoye," Mwalimu alimwambia mwezi wa Juni, kwa jina la mwanawe kama watu walivyozoea kumwita, "hebu sema peke yako. Mahali."

"Mahari."

"Ma-ha-li. Ulimi juu, nyuma ya meno."

"Ma-ha-ri."

"Unajua mahari ni nini?"

"Si ni ng'ombe za kuoa msichana, mwarimu."

"Sasa wewe umesimama Kitale, mbele ya majaji wa kutoka Tanzania, unawaambia ati ng'ombe zetu za kuoa ni hapa, milima na maziwa."

Kwaya iliangua kicheko. Phelista naye alicheka, kwa sababu kuchekwa huku ukicheka kuna nafuu kidogo. Lakini Mwalimu hakucheka. Baada ya mazoezi alimwita kando, akamwambia, kwa upole, kwamba Kitale atakwenda, ila kwa upande wa jikoni. Nafasi yake katika mstari wa mbele ikapewa mwingine, na kwenye mazoezi akasogezwa nyuma kabisa, afungue mdomo bila kutoa sauti. Kesho yake kwenye kisiagi Phelista alilia mchana kutwa, na kwa kuwa uso wake ulijaa unga, machozi yalichora mistari ambayo kila mteja aliiona na hakuna aliyeuliza.

Alikwenda. Angekataa, watu wangesema ana kinyongo, na kweli alikuwa nacho. Lakini alitaka kuzisikia hizo nchi tano zikiimba, hata kama ni kupitia dirisha la jikoni.

Kwaya nyingine zililala Kitale mjini. Burundi, iliyochelewa kujiandikisha, ilipewa shule moja ya bweni huko Kiminini iliyokuwa imefungwa kwa likizo, na Phelista akapelekwa huko kuwapikia. Alijitayarisha kuwapikia watu ishirini na wawili. Jumanne asubuhi gari lilisimama getini wakashuka saba.

Kiongozi wao alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo aliyevaa koti la kiume juu ya nguo zake, jina lake Goreti Nduwimana. Alimshika Phelista mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Amahoro, mama. Tuko saba tu. Wengine wamebaki mupakani. Majina yao yako kwa karatasi ingine, na muhuri ya ire karatasi haisomeki."

"Watakuja resho," Phelista alisema, akimaanisha leo au kesho, hata yeye hakujua.

"Watakuja," Goreti alisema.

Hawakuja leo wala kesho.

Jumatano, maharagwe yakiwa jikoni, Phelista alisikia mngurumo. Mwanzo alidhani ni trekta la mbali huko kwenye mashamba. Akasimama na mwiko mkononi. Mngurumo ulikuwa unatoka bwaloni, nyuma ya ukuta tu, na ulikuwa na maneno ndani yake. Alisukuma kile kidirisha cha kutolea chakula akachungulia.

Warundi walikuwa wamesimama duara, si mstari, kila mmoja akimtazama mwenzake. Hakuna aliyewaongoza. Hakuna aliyepandisha kifua. Waliimba chini, chini kabisa, kana kwamba kuna mtoto mgonjwa amepata usingizi chumba cha pili na wanaogopa kumwamsha. Na bado kila neno lilimfikia pale dirishani, zima, bila kukatika. Phelista alikuwa ameishi akiamini kwamba kuimba vizuri ni kuimba mpaka mpita njia ageuke. Hapa palikuwa na watu saba waliokuwa wakifanya kinyume chake, na yeye nywele zilimsimama, akaegemea ukuta. Aliogopa, tena aliogopa kweli, kama mtu anavyoogopa akiingia mahali ambapo Mungu ametoka sasa hivi. Maharagwe yaliungua, wala hakusikia harufu.

Kisha wakauanza wimbo wa lazima.

Mahari petu ni hapa,
mirima na maziwa,
turiporara jana
tutaamka kesho.

Alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Wote saba walisema vile vile, bila aibu, bila kusita, kila palipokuwa na ile herufi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia wimbo ule ukiimbwa kwa mdomo wake.

Baadaye Goreti alikuja jikoni kumsaidia kumenya viazi, maana maharagwe hayakulika tena. Phelista akamuuliza kwa nini wanaimba chini namna ile.

"Ni mazoea ya vita," Goreti alisema bila kuinua macho. "Turikuwa tunarara mu mashamba ya kahawa, si mu nyumba. Siku ya Mungu ikifika watu wanataka kuimba, na ukiimba juu utasikiwa na wenye hawatakiwi kukusikia. Basi turiimba hivi. Sasa vita imeisha na sauti imekataa kupanda." Akatupa kiazi kwenye maji. "Na nyinyi muko na bahati. Muko na murima muzuri sana." Alionyesha kwa kisu kupitia dirishani, kule Mlima Elgon ulikokuwa umejitandaza chini ya mawingu.

Phelista aliutazama. Mwaka ule mlima haukuwa mzuri; watu walikuwa wakiuana huko kwa sababu ya ardhi. Dada yake alikuwa ameshuka kutoka Cheptais mwezi wa tatu akiwa na godoro kichwani na watoto wanne nyuma yake, na mpaka leo walikuwa wakilala sebuleni kwake Matulo, wakishtuka kila mlango ukigongwa.

"Ni mzuri ukiwa mbari," alisema.

Goreti akaendelea na viazi. Wakaanza kuvuma ule wimbo pamoja, bila kuambiana, na Goreti alimwonyesha kwa kiganja kilichoshuka taratibu jinsi ya kuirudisha sauti ndani. Kwa mtu wa kisiagi hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba gunia. Lakini kufikia viazi vya mwisho alikuwa amelipata.

Alhamisi akaja Rotich, katibu wa mashindano, na kijitabu cha kanuni kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kijitabu.

"Kifungu cha sita," alisoma. "Kwaya isipungue watu wanane jukwaani. Ikipungua, nchi inafutwa kwa orodha. Nyinyi mko saba."

"Wengine wako mupakani," Goreti alisema.

"Mama, hata mimi nimepiga simu. Hao hawavuki kabla ya Jumatatu, na mashindano ni Jumamosi." Akafungua ukurasa wa pili. "Iko kifungu cha saba. Mwenyeji anaweza kumwazima mgeni sauti. Lakini huyo mtu akiimba na nyinyi, hawezi imba upande wa Kenya."

Nchi nzima, na bendera yake na milima yake na watu wake waliolala kwenye kahawa, ilikuwa inamtafuta mtu mmoja.

Mwalimu Hesbon alipopata habari hakuwa mchoyo. Ijumaa asubuhi alikuja Kiminini mwenyewe na Joy, msichana wa chuo aliyekuwa mwimbaji wa akiba, mwenye sauti safi na ulimi safi zaidi. Joy aliingia kwenye duara, akawasalimu, "Sasa, mama," akasimama karibu na Goreti. Wakaanza. Mahari, walisema saba. Mahali, alisema Joy, na lile neno lake likasimama peke yake hewani kama jiwe kwenye wali.

Wakarudia. Joy akajaribu kusema kama wao. Maskini, hakuwa na ubaya, lakini ilimtoka kama mtu anayemwigiza bibi yake ili marafiki wacheke, na yeye mwenyewe alilisikia hilo, uso ukamwiva.

"Siwezi, mwalimu," alisema. "Inakaa ni kama nawachezea."

"Anaimba vizuri sana," Goreti alisema kwa upole. "Rakini ni kama mutu mwenye amevaa viatu ndani ya nyumba." Kisha akageuka akaelekeza kidole kwenye kidirisha cha jikoni, ambako Phelista alikuwa amesimama na sufuria. "Na huyu?"

Hesbon alifuata kile kidole. Kisha akamwomba Phelista watoke nje wazungumze.

Walisimama kwenye nyasi, jua la asubuhi bado halijapata nguvu.

"Mama Wekoye, usikubali," alisema.

"Hawa watu watafutwa, mwarimu."

"Nisikilize. Wale wakisema mahari watasamehewa. Ni wageni, watu watasema wamejitahidi, hata itakuwa tamu. Wewe hutasamehewa. Ukumbi wote ni watu wa Kitale na Bungoma. Watakujua. Watasema si ni yule wa kisiagi, ati mpaka leo hajui kusema. Na baada yako watatucheka sisi wote. Mimi nimetumia maisha yangu kututoa kwa hicho kicheko."

Alisema kweli, na Phelista alijua kwamba ni kweli. Alijua pia kwamba huyu mtu hakuwa anamchukia. Alikuwa bado yuko mbele ya karani wa stoo.

"Na nikikubari?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Ukipanda pale na wao, usije Alhamisi. Wala Alhamisi ingine. Siwezi kuwa na kwaya inayofundishwa kitu kimoja na kuonyesha kingine."

Miaka ishirini na minne. Harusi yake na kaburi la mumewe vilikuwa ndani ya kwaya hiyo. Angeweza kurudi jikoni, na hakuna ambaye angemlaumu. Burundi ingefutwa na Rotich kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja, na Alhamisi angesimama tena nyuma kabisa na kufungua mdomo bila kutoa sauti.

"Mwarimu," alisema mwishowe, "mimi kwa kwaya yetu nimekuwa mtu wa kufunikwa. Hawa wameniita na wamenisikia. Naenda."

Mwalimu Hesbon aliondoka bila kuaga, Joy akimfuata nyuma na kugeuka mara mbili kumpungia mkono.

Jumamosi ule ukumbi wa mabati kwenye uwanja wa maonyesho wa Kitale ulifurika. Watu walikuwa kwenye madirisha, wengine wamewabeba watoto mabegani, harufu ya mahindi ya kuchoma ikiingia kutoka nje. Mezani walikaa majaji watatu, na mkuu wao alikuwa Bi Suad, mwalimu mstaafu kutoka Tanga, aliyesemekana kuwa na masikio ya kusikia koma.

Uganda ilitikisa sakafu. Tanzania iliimba Kiswahili kile ambacho wengine wote hukikopa, na Rwanda iliingia na kutoka kwa adabu kubwa. Kisha ikaja Kenya, na Phelista, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia katika vazi la kufungwa begani aliloazimwa na Goreti, aliwaona watu wake wakipanga mstari. Mahali petu ni hapa, waliimba, na kila L iling'aa kama kijiko kipya. Ukumbi ulilipuka. Aliwaonea fahari, na fahari ile ilimchoma, kwa sababu pale kwenye mstari wa mbele palikuwa na viatu vya mwingine mahali pa viatu vyake.

"Burundi," spika ilisema.

Wakatoka wanane. Baada ya kwaya za watu ishirini na zaidi, jukwaa lilionekana kama uwanja ambao mkutano umekwisha. Kuna aliyesema, "Wengine wako wapi?" na watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Walisimama duara kama kawaida yao, migongo mingine ikiwaelekea watu. Phelista alikuwa upande unaotazama ukumbi, na aliona nyuso zikimtambua. Aliona kiwiko kikimgonga jirani. Mstari wa tatu, kando ya njia, alikaa Mwalimu Hesbon, mikono kifuani.

Goreti alivuta pumzi. Wakaingia.

"Mahari petu..."

"Ati mahari," mwanaume mmoja alisema nyuma, kwa sauti ya Bungoma kabisa, na kicheko kikaanza kupanda upande ule. Phelista alikisikia kikija. Alikijua kicheko hicho tangu utotoni, alijua kinavyotembea kutoka benchi hadi benchi. Mwili wake wote ulitaka kufanya kile ulichofunzwa kwenye kisiagi, kuinua sauti juu ya kelele mpaka kelele zishindwe. Goreti alimtazama na kushusha kiganja. Phelista akaishusha sauti. Akaipeleka chini, chini ya kicheko, kule ambako wale saba walikuwa wakimngoja.

Na watu wakalazimika kunyamaza ili wasikie. Hilo ndilo lililotokea, wala hakuna aliyewahi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Aliyecheka alishindwa kusikia, jirani akamwambia shhh, naye akainama mbele, na wa nyuma yake akainama, mpaka ukumbi mzima wa watu elfu ukawa umeinama kuelekea watu wanane. Waliokuwa wakitafuna mahindi waliacha kutafuna. Madirishani watoto walishushwa mabegani. Bati lililia kwa joto huko juu, likasikika.

Mirima na maziwa.

Turiporara jana.

Upande wa kushoto, karibu na mlango, palikuwa na watu walioshuka kutoka mlimani mwaka ule, waliokuwa wakilala kwenye maghala na varanda za makanisa hapo Kitale. Mtu aliwatambua kwa mablanketi waliyojitanda mchana. Mama mmoja kati yao aliposikia mstari ule aliweka mkono mdomoni. Phelista alimwona, akamwona na dada yake ndani yake, na godoro, na watoto wanne. Aliimba kwamba tulipolala jana tutaamka kesho, na alikuwa anajua, na wale saba walikuwa wanajua, na yule mama alikuwa anajua, ni jambo kubwa kiasi gani mtu kuamka alipolala. Wakati ule hakuwa na ulimi mbaya wala mzuri. Alihisi kitu kikipita ndani yake ambacho hakikuwa chake, kikubwa kuliko ukumbi, na alichofanya yeye ni kukipisha tu.

Wimbo ulikwisha. Hakuna aliyepiga makofi. Goreti baadaye aliapa kwamba alihesabu pumzi tano. Bi Suad alikuwa ameweka kalamu chini na kuvua miwani. Ndipo yule yule mwanaume wa nyuma, aliyesema ati mahari, alipoinuka, akasimama tu bila kusema kitu, na ukumbi wote ukainuka naye.

Matokeo yalisomwa saa kumi. Mcheza kwao hutuzwa, na Kenya ikawa ya kwanza. Tanzania ya pili. Burundi ikawa ya tatu, na Bi Suad aliomba kipaza sauti.

"Kanuni inanitaka nipunguze alama kwa matamshi," alisema. "Nimezipunguza, kwa haki, na ndiyo maana Burundi ni ya tatu. Lakini msiniulize ni wimbo gani nitakaorudi nao nyumbani Tanga."

Kisha akasoma cheti, majina manane, na la nane lilikuwa Phelista Nanyama, na baada ya jina hilo akasoma kama ilivyoandikwa, Burundi.

Nje, gari la Kiminini lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Goreti alimkumbatia, akamwambia urakoze, urakoze cane, yaani asante, asante sana, kisha akapanda. Phelista alikuwa anafungasha sufuria zake zilizoshushwa garini kwenye gunia aliposikia hatua nyuma yake. Mwalimu Hesbon alikuwa amesimama pale na kombe la Kenya kwapani, kama mtu aliyenunua jogoo na hajui ampeleke wapi. Wanakwaya wake walikuwa upande wa pili wa uwanja, wakirushana juu na kuimba. Alikuwa amewaacha.

"Mwarimu, hongera," Phelista alisema. "Mriimba vizuri sana."

"Asante."

Phelista alifunga mdomo wa gunia, akaufungua, akaufunga tena. Alisubiri aambiwe habari ya Alhamisi, na alikuwa amejiandaa kuambiwa.

"Nilikaa mstari wa tatu," Hesbon alisema.

"Nirikuona."

"Nilikuja nikiwa na hasira. Nilitaka nione wakikucheka ili ujue. Hiyo nakwambia kwa sababu ni kweli." Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha. "Mama Wekoye, nimeria."

Alijisikia alivyolitamka. Phelista aliona midomo yake ikikakamaa juu ya neno lile lililotoroka baada ya miaka thelathini, akaona ulimi ukinyanyuka kulifuata na kulirekebisha. Vijana wawili wa kwaya walikuwa wakija, karibu kiasi cha kusikia. Mwalimu aliwatazama, kisha akamtazama yeye.

Akalisema tena, polepole, vile vile.